Ua Lisilo na Shahidi

Mke wa mdogo wangu ni mtu ambaye ukiazima sindano kwake, atakuja kuiulizia kabla hujatia uzi. Simsemi vibaya. Hata yeye akisikia hivi hucheka na kuongeza kwamba sindano za siku hizi zina miguu. Nyumba zetu zimepakana, bafu tunatumia moja na kamba ya kuanikia nguo ni moja, kwa hiyo namjua. Akitoka asubuhi hugeuza mpini wa kijiko cha sukari uelekee dirishani, na akirudi jioni huangalia kwanza mpini kabla ya kuvua viatu. Neno lake ni lile lile kila siku: kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nikimwambia kwamba Mungu ndiye mlinzi, hunijibu kwa upole kabisa kwamba hata Mungu alitupa macho ili tuyatumie.

Nadhani kazi ndiyo iliyomfanya awe hivyo. Anafanya kazi kwenye duka la kuchapa, chumba chembamba chenye mashine ya fotokopi upande mmoja na kompyuta upande mwingine, kiasi kwamba mtu mnene akiingia, mwembamba lazima atoke. Huko anatengeneza kadi za harusi, matangazo ya misiba, beji za mikutano. Lakini huko huko wanakuja pia watu wa ajabu. Anakuja mwanamume na barua ya daktari, anaomba tarehe ibadilishwe kidogo tu. Anakuja dada wa watu na cheti cha shule, anataka alama ziongezewe uzito. Siku moja alikuja mzee mwenye uso wa ibada, sauti kama ya mtu anayetoka kuswali sasa hivi, akaomba achongewe muhuri wa ofisi ambayo si yake. Wifi alimrudisha. Jioni akaniambia, "Wifi, binadamu ukimwona ana haraka na karatasi, mwogope."

Sasa nieleze habari ya ua.

Nyuma ya bafu letu niliwahi kupanda mmumunye, ukapanda ukuta wote. Asubuhi moja nilitoka na ndoo nikamkuta wifi ameketi juu ya debe lililopinduliwa, amenipa mgongo, kichwa kimeinama kuelekea ule mmea, mkono wa kulia unakwenda. Nikamsalimia. Akaitika bila kugeuka, na upindo wa nguo yake akauvuta ukafunika kitu mapajani. Sikuuliza. Mtu akifunika, mimi huwa sifunui.

Baadaye alinisimulia mwenyewe kwamba alikuwa anachora: ua la mmumunye, majani yake, na vile vikamba vyembamba vinavyojisokota. Mchoro ule aliupeleka dukani, akaupitisha kwenye skana ukaingia kwenye kompyuta, kisha karatasi akaichana na kuitia motoni ili asije mtu akaiokota. Akaanza kuliweka ua lile kwenye pembe za kadi za harusi, likapendwa sana.

Watu wa kazi ile hawaanzi na ukurasa mtupu. Wanafungua kadi ya jana, wanatoa jina la bibi harusi wa jana, wanaweka la leo. Mwenye duka ana marafiki wenye maduka kama lake, na kadi zinakwenda kwao kwa flashi kama chumvi inavyokwenda kwa jirani. Haukupita muda, ua la ukuta wa bafu letu likawa kwenye kadi za mji mzima. Hakuna aliyeuliza ni la nani, kama vile hakuna anayeuliza wimbo wa kubembelezea mtoto aliutunga nani. Wifi alinung'unika kidogo, akanyamaza. Aliogopa akidai sana ataonekana anataka kufungua duka lake.

Ndipo akasikia kwamba chuo cha mjini kina masomo ya awali ya usanifu, saa za mchana, kwa watu ambao hawakufika mbali shuleni. Ukimaliza hayo, ukitaka kuendelea na kozi kubwa, unaandaa jalada la kazi zako, linapelekwa mbele ya jopo la walimu. Jopo likiridhika, umeingia. Wifi aliposema anataka kujiandikisha, mdogo wangu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Unakwenda chuo kusomea kuchora? Mtoto wako anachora bure, tena kwenye ukuta wangu."

Lakini alipoona mke wake ameanza kubeba rula na penseli kwenye mkoba, kicheko kikamkauka. Alianza kuuliza walimu ni wanaume au wanawake, na darasani wanakaa wangapi wangapi. Wiki ya kwanza alionekana karibu na geti la chuo akijifanya anasubiri mtu. Wifi alimwona kupitia dirisha la darasa, akamwacha asimame juani mpaka darasa lilipokwisha. Kwa hiyo katika nyumba ile hakuwa peke yake mwenye shaka. Walikutana chungu na kifuniko chake.

Darasani alichagua kiti cha ukutani kabisa, ili nyuma yake asiwepo mtu. Alifunika kazi yake kwa mkono kama mtoto kwenye mtihani. Mwalimu wao, mwanamke mkimya anayevaa miwani kwenye kamba, ana desturi moja: kila mwisho wa wiki kazi zote zinatundikwa ukutani, zilizoharibika na zilizopendeza, na kila mtu anasema anachokiona. Wengine waliona haya mwanzoni, wakazoea. Wifi hakuzoea. Alitundika wa mwisho na kutundua wa kwanza, mara nyingine akasema kazi ameisahau nyumbani ilhali iko mkobani. Mwalimu alimwonya kwamba mtu anayejifunza lazima aonekane akijifunza. Alipofika nyumbani alinitafsiria hivi: "Wanataka tutundike ili wenye macho mepesi wabebe."

Aliyemtilia shaka kuliko wote alikuwa fundi wa vibao. Huyu ni mtu mzima, mcheshi, anayeandika majina ya maduka kwenye kuta na milango ya mabati. Kazi yake anaifanya juu ya ngazi, barabarani, watu wamemzunguka wakimsahihisha herufi. Darasani naye alikuwa hivyo hivyo: anachora huku anaongea, anageuza karatasi yake mwenzake aone, anachungulia ya jirani na kusifu. Aliwahi kumchungulia wifi, wifi akafunga daftari. Yule bwana akasema, "Dada, hiyo ni michoro au ni hundi?" Darasa likacheka. Wifi hakumsamehe.

Muda wa majalada ulipofika, mwalimu aliwaeleza la kuweka: michoro ya vitu walivyovitazama kwa macho, kazi za rangi, kazi za herufi, na nakshi moja kubwa inayojirudia, kama ya kitambaa, ambayo kila mmoja ameibuni mwenyewe. Akasisitiza waweke na mianzo, yaani zile karatasi za kujaribia, kwa sababu jopo hupenda kuona mtu alitoka wapi. Wifi hakuwa na mianzo. Kila mwanzo wake ulikuwa umekwisha kuwa majivu. Lakini nakshi alikuwa nayo, na kwa fahari yake aliweka ile aipendayo kuliko zote: ua la mmumunye, limejirudia karatasi nzima, kijani juu ya rangi ya maziwa. Alinionyesha siku ile, jalada likiwa tayari, jeusi, limefungwa kwa kamba. Nilimwambia limependeza, na kweli lilipendeza. Mdogo wangu naye alilipitia, akauliza kama hiyo ndiyo iliyokuwa inafanywa mchana kutwa, akaonekana kupumua.

Kabla ya kupeleka kwa jopo, mwalimu aliyafungua majalada yote juu ya meza ndefu. Alifungua la fundi wa vibao. Ndani mlikuwa na picha za kuta alizopaka, na nakshi yake, nyekundu juu ya nyeusi. Ilikuwa ua la mmumunye. Majani yale yale, vikamba vile vile, vinajisokota upande ule ule. Kisha akafungua la wifi.

Wanasema darasa zima lilisogea. Wifi alikuwa wa kwanza kusema, akasema neno baya, wizi. Fundi wa vibao alishangaa kwa dhati. Alisema ua lile anapaka kwenye kuta za watu miaka sasa, watu wa mtaani ni mashahidi, aende akaulize kwenye saluni na kwa muuza magodoro. Na kweli, wanafunzi walikuwa wameliona huko. Mmoja alisema amemwona fundi kwa macho yake akilipaka. La wifi nani aliliona? Wakatazamana. Hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kumwona yule dada akichora kitu chochote toka mwanzo mpaka mwisho. Mmoja akaanza kusema kwamba si ua tu, huenda na kazi nyingine zile zinatoka dukani kwao, si ana kompyuta? Mwingine akaongeza kwamba lisemwalo lipo. Mambo ya watu ndivyo yalivyo, shaka ikipata mlango haiombi kiti, inaketi.

Mwalimu hakumwita mtu mwizi. Alisema tu kwamba hawezi kupeleka mbele ya jopo majalada mawili yenye ua moja, na kwamba la wifi lina kasoro nyingine, halina mwanzo hata mmoja. Akampa mpaka mwisho wa wiki alete mtu aliyemwona akilichora. Asipomleta, jalada lake halitakwenda, na nafasi ya kozi kubwa ndiyo imepita.

Wifi alimwendea mwenye duka. Yule bwana alimsikiliza, akazima mashine ili asikie vizuri, kisha akasema vilivyomo kwenye kompyuta ya duka ni vya duka. Alifikiri wifi anatafuta njia ya kumshitaki. Toka siku ile akaanza kumhesabia karatasi za kuchapia.

Basi akanijia mimi. Nilikuwa napepeta mchele kibarazani. Akaketi chini, jambo ambalo si kawaida yake, akashika ungo upande wa pili kana kwamba ananisaidia.

"Wifi, wewe uliniona."

"Nilikuona umeketi pale nyuma ya bafu."

"Nikichora lile ua."

Nikamwambia ukweli, kwamba nilimwona mgongo. Kwamba kitu kilikuwa mapajani, akakifunika.

"Ni hilo hilo. Wewe sema tu uliliona ua. Wanakuheshimu watu kama wewe. Ukisema wewe, nani atabisha?"

"Ndiyo maana siwezi kusema, mama. Sikuliona."

Aliniacha na ungo. Akasimama, akanitazama kwa muda, macho yake yakiwa yale anayowatazamia wenye barua za daktari.

"Kumbe na wewe," akasema. "Damu nzito kuliko maji. Ningekuwa dada yako wa tumbo moja, ungeliona."

Aliondoka, na kijiko chake cha sukari sijui siku ile alikigeuzia wapi. Jioni mdogo wangu alikuja kunisihi. Alisema ni neno moja tu, tena la kheri, na kwamba Mungu haangalii vitu vidogo. Nilimwuliza hilo amelisoma wapi. Akaniuliza kwa sauti ya chini jambo ambalo lilikuwa linamsumbua kuliko kozi yenyewe.

"Dada, kwani wewe unaamini ni lake?"

Nikamjibu kwamba moyoni najua ni lake. Lakini moyo hauapishwi. Kinachoapishwa ni macho.

Usiku nilisali, na asubuhi nilivaa nguo zangu za kutokea nikaenda chuoni. Sikuitwa. Nilimkuta mwalimu darasani, wanafunzi wameshaanza kuingia, wifi yupo ukutani kwake. Aliponiona alinyanyuka nusu, uso ukamfunguka. Alidhani nimebadilisha nia. Iliniuma, maana nilijua nakwenda kuufunga tena.

Nilisema nilichokiona. Mmea uko, nimeupanda mimi, na ulikuwa na maua siku ile. Mke wa ndugu yangu alikuwa ameketi mbele yake, kichwa chini, mkono wa kulia unakwenda. Nilimwona mgongo. Karatasi sikuiona, na siku niliyoliona ua kwa mara ya kwanza lilikuwa tayari kwenye kadi. Mwalimu akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema sina, ningekuwa nalo ningelileta.

Mtu mmoja nyuma akasema shahidi gani huyu wa mgongo. Wakacheka, lakini fundi wa vibao hakucheka. Alikuwa anajikuna shingo. Akaniuliza kadi hizo zilikuwa za harusi, nikamjibu ndiyo. Akasema kwamba dada yake alipoolewa kadi zilikuwa na ua pembeni, na sasa akifikiri vizuri, kabla ya harusi ile hakumbuki kulipaka popote. "Mimi nikiona kitu kizuri, mkono unakibeba wenyewe," akasema. "Sikujua kama kina mwenyewe. Hata sasa sijui. Kadi haina jina la mchoraji."

Wifi akasema, "Umeona!" Lakini mwalimu akatikisa kichwa. Alisema kadi ikiwa ya mji mzima, basi na wifi angeweza kulitoa kwenye kadi kama fundi alivyolitoa. Yeye hakuwepo nyuma ya bafu letu, na aliyekuwepo ameona mgongo. Kwa hiyo ua litoke kwenye majalada yote mawili. Kila mmoja abuni nakshi nyingine, hapo hapo darasani, kwenye meza iliyo katikati, na kila karatasi itundikwe ukutani, nzima, isichanwe hata moja. Jopo litaona hizo.

Fundi wa vibao alikubali hapo hapo, kwake meza ya katikati ni kama ngazi yake tu. Wifi alinitazama mimi, siyo mwalimu. Nikajua kwamba kwake ni heri angeambiwa avue nguo.

Yaliyofuata sikuyaona, nayasema kama nilivyoyasikia kutoka kwake na kwa wenziwe. Siku ya kwanza aliketi pale katikati, watu pande zote, akachora mstari na kuufuta mpaka karatasi ikatoboka. Karatasi iliyotoboka nayo ikatundikwa. Siku ya pili alijaribu majani, yakatoka kama masikio ya mbuzi, mtu akasema hivyo kwa sauti, na wifi kwa hasira akasema, "Haya, chora wewe." Yule mtu akachora, yakatoka mabaya zaidi. Darasa likacheka, safari hii halikumcheka yeye.

Baada ya hapo akaacha mimea. Akasema mimea imemponza. Alitazama dirishani, ng'ambo ya barabara, kwenye safu ya vibanda vya biashara vilivyofungwa, akaanza kuchora makufuli. Kufuli refu, kufuli nene, lililokula kutu, lililofungwa kwa mnyororo. Akayapanga vichwa chini vichwa juu mpaka mapengo katikati yakawa kama nyota. Fundi wa vibao alisimama nyuma yake, akasema, "Dada, sasa umechora moyo wako." Wifi alimwambia akae mbali, yeye na huo mkono wake, usije ukabeba. Lakini akamwuliza pia ni rangi gani ingekaa vizuri kwenye mnyororo. Fundi akasema kahawia. Wifi akaweka bluu, kwa sababu hakumwamini. Bluu ikakataa. Bluu nayo ikatundikwa, na karibu yake ikatundikwa kahawia.

Wakati wote huo mimi na yeye tulikuwa tunasalimiana tu kama watu wa foleni. Nguo zake alizianika upande wake wa kamba, zangu upande wangu. Sikumlaumu. Niliomba tu asikate tamaa kwa ajili yangu.

Jopo likakaa. Wanajopo waliyaona makufuli, wakauliza yametoka wapi, na kabla wifi hajajibu wanafunzi waliokuwepo wakaanza kueleza: hii ndiyo iliyotoboka, hii ndiyo ya masikio ya mbuzi, hii alipogombana na fundi kuhusu bluu. Amepita. Fundi wa vibao naye amepita. Habari ya ua la mmumunye haikuulizwa. Mwalimu hajawahi kumwambia kama aliamini au hakuamini.

Siku aliyopata jibu alikuja kibarazani kwangu. Hakuketi.

"Ulinikata maini, wifi."

"Najua. Nisamehe."

"Ungesema umeliona, nisingekalishwa pale katikati kama mbuzi wa mnada."

"Ungeingia, lakini ungeingia na uongo wangu. Na siku uongo huo ukifichuka, nani angekuamini tena?"

Akafikiri. Akasema mwalimu amempitisha ili amweke karibu amchunguze vizuri, hilo analo hakika nalo. Nikamwambia huenda. Akasema na fundi wa vibao anamsalimia mno siku hizi, lazima kuna anachokitaka. Nikamwambia huenda vile vile.

Sasa ameanza kozi kubwa. Msidhani amebadilika, shaka zake ziko pale pale, ila zimegeuka upande. Zamani alificha kila kitu, sasa hafichi hata mstari mmoja. Akichora, anamwita mume wake, awe amelala au hajalala, aje aone. Muuza mkaa akipita anaonyeshwa. Majirani wamechoka. Mdogo wangu ambaye zamani alisimama getini kuchungulia, sasa anajifanya amesinzia kitini ili asiitwe.

Jana nilikuwa nafua, povu mpaka viwikoni. Akaja na karatasi yenye mistari michache tu, kitu ambacho hata hakijajulikana kitakuwa nini. Akanisogezea karibu na uso.

"Tazama, wifi. Sikiliza, sio mgongo wangu, karatasi. Umeiona?"

"Nimeiona."

"Itazame vizuri. Iko siku utaulizwa."

Nikafuta mikono kwenye nguo, nikaitazama.